Ndege Isiyochemka

Nyumbani kwetu ukiita "Fundi!" tunaitika wawili. Mimi naitikia chumba cha mbele, kwenye cherehani, na kaka yangu anaitikia chumba cha uani, kwenye ndege. Wateja wameshazoea. Mwenye suruali ya kupunguza anabaki kwangu, na mwenye shida ya ndege, ambaye hajawahi kutokea, angeelekezwa nyuma.

Ndege yenyewe ni ya kwenye kompyuta. Najua unacheka. Cheka tu, mtaa mzima umeshacheka kabla yako. Mzee wa miaka sitini na saba, mstaafu, mgane, kuanzia saa tatu asubuhi yuko kwenye stuli ameshika kirungu cha plastiki, anarusha ndege ya kivita ya zamani ambayo haipo. Mwenye duka hapo jirani aliwahi kuniuliza kama kaka anacheza na wajukuu. Nikamwambia wajukuu wako ng'ambo, kaka anacheza peke yake, na yeye kama dukani kwake hakuna kazi aje nimpe vifungo ashone. Mdomo wangu haujawahi kupumzika, nimeambiwa tangu utotoni.

Lakini nitasema mapema, usije ukadhani nakusimulia habari za mzee na gemu lake. Kaka yangu alikuwa anatafuta kujua jambo moja kwenye ile kompyuta: kama ni yeye aliyemuua mtu. Na mtu mwenyewe alikuwa anioe mimi.

Kaka alifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye karakana ya ndege. Walikuwa na ndege za kila aina, lakini moja ilikuwa kongwe, ya kiti kimoja, yenye pangaboi mbele na injini ndefu kama jeneza. Ilikuwa ya vita vya zamani, wakaifufua ili iruke siku za maonyesho watu wapige makofi. Vitabu vyake viliishia kwa mchwa, kwa hiyo aliyeijua akabaki kaka peke yake, kwa mikono. Injini ile ilipozwa kwa maji, kama ya lori, na rejeta yake ilikaa chini ya bawa. Angani upepo uliipoza vizuri. Chini, ikikaa inanguruma bila kwenda, maji yalichemka kabla hujamaliza kuvuta sigara.

Rubani wake tulimwita Twiga. Alikuwa na miguu ambayo haikutosha kwenye ile ndege, magoti yakagusa saa zote za vipimo zilizo mbele. Siku ya kwanza alikuja nyumbani kumletea kaka mkoba aliousahau, akanikuta kwenye cherehani, akasema mfuko wa ovaroli yake umechanika, je, nitaushona? Nikautazama. Haukuwa umechanika, ulikuwa umekatwa kwa mkasi. Mtu wa kazi yangu huwezi kumdanganya kati ya kitambaa kilichochanika na kilichokatwa. Nikaushona hivyo hivyo, nikanyamaza, naye akajua kwamba nimejua. Mwaka uliofuata tukawa tumeshapanga mwezi wa harusi.

Sasa siku ya maonyesho. Ndege iliruka saa iliyopangwa, ikazunguka, ikatua, watu wakashangilia. Mgeni rasmi hakuwa amefika. Alifika ndege imeshazimwa, akaomba irudie, na mgeni rasmi akiomba huwa haombi. Geji ya joto ilikuwa imekufa tangu wiki ile na spea ilikuwa haijaja. Kwa hiyo kaka na Twiga walikuwa na utaratibu wao: kaka anaweka nyuma ya kiganja kwenye bomba la rejeta, kisha anamwambia Twiga neno moja, imepoa au bado. Hakuna kuwasha kabla ya neno.

Dakika kumi na tano baada ya kuzimwa, injini iliwashwa. Ndege ikakimbia, ikainuka, ikapita juu ya paa la karakana, halafu mvuke mweupe ukatoka chini ya bawa. Injini ikakaza, ikazimika. Twiga akajaribu kuigeuza arudi, nayo ikaanguka nyuma ya uzio. Watu watatu waliteuliwa kuchunguza, wakaandika ukurasa mmoja na nusu, na mimi niliusoma wote: rubani aliruka bila kusubiri ishara ya fundi. Kosa la rubani.

Watu walidhani nalia kwa mapenzi. Nililia kwa hasira. Nilimkasirikia marehemu miaka ishirini na nane, na nasema bila aibu. Mtu mzima unashindwa kungoja mwenzako aguse bomba? Ulikuwa unamkimbilia nani, mgeni rasmi? Kaburini kwake nilikwenda mara moja, na nilichomwambia siku hiyo hakifai kusemwa makaburini. Baadaye walikuja wanaume wawili wa heshima zao, nikawakataa, mtaa ukasema nimeapa kwa ajili ya Twiga. Wapi. Nilikuwa naogopa watu wenye haraka.

Kaka hakulizungumza jambo lile hata siku moja. Aliendelea na kazi, akastaafu, wifi yangu akafariki, binti yao akaolewa ng'ambo, na kaka akahamia chumba changu cha uani na sanduku moja la nguo na jingine la spana. Hiyo ni miaka sita iliyopita. Tuliishi kama abiria waliokaa kiti kimoja. Asubuhi namuuliza umeamkaje, ananijibu salama. Mchana tunakula, kila mtu na sahani yake, redio inasema badala yetu. Binti anapiga simu Jumapili. Baba umekula? Shangazi hajambo? Haya, nitapiga tena. Simu inakatika na kaka anaendelea kuitazama kidogo, halafu anaiweka juu ya kabati.

Kompyuta ililetwa na huyo binti ili babu awaone wajukuu kwenye kioo. Aliwaona mara mbili, mara ya tatu walikuwa wana mtihani. Lakini mkwe wetu, kijana mwenye adabu, alisikia baba mkwe alikuwa fundi wa ndege, akamwekea humo programu ya kurusha ndege za zamani pamoja na kile kirungu. Kaka akafungua orodha, akashuka nayo, akaikuta ndege yake. Ile ile, ya rangi ile ile, imepaki kwenye nyasi.

Nilidhani atafurahi. Baada ya saa moja alitoka uani amekunja uso, akaniambia hii si ndege, ni baiskeli. Inawaka kwa kubonyeza kitufe kimoja! Ndege ile asubuhi ulikuwa unaipampu mafuta mara nne, mara tano kukiwa na baridi, inapiga chafya, inatoa moshi, inakataa, unaibembeleza. Tena ukiisukuma kwa nguvu zote ikimbie, pua inavuta kushoto, usipokanyaga mguu wa kulia unajikuta majanini. Hii ya kwenye kompyuta ilikwenda mbele kama imeambiwa. Na pua yake ilikuwa chini mno. Ile ya kweli inakaa imeinua pua kwa sababu ina gurudumu dogo mkiani, rubani haoni kitu mbele mpaka mkia unyanyuke, inabidi aende akipinda huku na huku achungulie pembeni. Basi kaka akakata boksi la maziwa, akalibandika kwenye kioo, akaziba nusu ya chini asione mbele. Nikamuuliza kama ameletewa kompyuta au boksi.

Ikawa ndiyo maisha. Mto wa stuli aliutoa kwa sababu kiti cha rubani kilikuwa kigumu. Akatafuta kopo la oili chafu, akaliweka wazi mezani apate harufu, mpaka gauni la bibi harusi mmoja likatoka kwangu linanuka gereji. Tuligombana. Nalifunika kopo, analifunua. Lakini kilichomuuma kuliko vyote ilikuwa rejeta. Kwenye programu ile ungeweza kuacha injini ikinguruma chini tangu chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana, isifanye kitu.

"Ndege isiyochemka," aliniambia, "ni picha ya ukutani."

Akaniomba niandike barua kwa hao walioitengeneza. Mimi nilisomea kupiga chapa ujanani, vidole kumi vyote vinafanya kazi, yeye anatafuta herufi kama kuku anayetafuta punje. Nikaandika anavyosema, kompyuta ikatafsiri, siku hizi ina lugha nyingi kuliko mabalozi. Nilijua hawatajibu. Wakajibu siku ya pili. Walikuwa watu wanne, kila mmoja kwao, nchi za baridi huko, wanatengeneza ndege hizo baada ya kazi zao nyingine. Walikuwa na michoro, na vitabu ambavyo mchwa wa kwao hawakuvila. Ila hawajawahi kukutana na mtu aliyeishika ndege ile kwa mikono. Tena kwenye jua kali. Wakamwita Bwana Fundi, wakidhani ndilo jina la ukoo.

Maswali yakaanza kumiminika. Moshi wa kuwasha una rangi gani? Breki zinashika namna gani? Kanyagio lina uzito gani? Kaka alikuwa ananyoa ndevu kabla ya kuniambia nini cha kuandika, kana kwamba wale watu wanamwona. Miezi miwili nyumba ile ilikuwa na mazungumzo. Saa nne nasimamisha cherehani, nakwenda uani na chai, tunafungua barua. Kaka anafumba macho anakumbuka, mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu wenyewe. Sitasema uongo, nilizipenda asubuhi zile. Nilikuwa naamka nikiwa na mahali pa kwenda, hata kama ni hatua kumi na mbili kutoka mlangoni kwangu.

Ndipo likaja swali la rejeta. Walitaka kujua hivi: ndege imetua, jua kali, injini imezimwa. Zipite dakika ngapi ndipo maji yapoe kiasi cha kuiwasha tena na kuruka salama?

Kaka aliiacha chai yake mpaka ikafanya utando. Halafu akasema, bila kunitazama, kwamba siku ile zilikuwa dakika kumi na tano. Miaka ishirini na nane, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuitaja siku ile mbele yangu. Akasema kama maji yanapoa kabla ya kumi na tano, basi ndege iliangushwa na jambo jingine, la rubani au la Mungu. Na kama hayapoi kabla ya hapo, basi. Hakumalizia. Nikamwambia ripoti ilisema Twiga hakungoja. Akaangalia viganja vyake, akasema andika.

Alisema ishirini na tano. Nikaandika. Akaenda mlangoni, akasimama anaangalia suruali za wateja kwenye kamba, akarudi.

"Futa. Andika kumi na mbili."

Nikafuta. Nikaandika kumi na mbili, nikatuma. Mimi huyu, mwenye mdomo huu, sikuuliza neno. Kesi ya nyani tumempelekea ngedere, na karani wake ni mimi.

Ndege mpya ilifika baada ya wiki tano. Kweli wale watu walikuwa wamefanya kazi. Iligoma kuwaka asubuhi, ikapiga chafya, ikavuta kushoto, na pua ikainuka mpaka boksi la maziwa likatupwa. Ukiiacha inanguruma chini, mvuke unatoka. Kaka aliijaribu yote kitu kwa kitu, halafu akafanya lile lililompeleka humo. Akatua. Akazima. Akangoja dakika kumi na tano kwa saa ya ukutani, akawasha, akaruka.

Nilikuwa napima kiuno cha mteja alipoingia chumba cha mbele anapepesuka kama amelewa. Machozi yalikuwa yanatiririka.

"Inaruka," alisema. "Kumi na tano, inaruka."

Mteja wangu, maskini, akampa hongera, akidhani kuna mtu amejifungua.

Tangu siku ile kaka akawa mtu mwingine. Akaenda kwa kinyozi. Akamsalimia mwenye duka kwanza, mwenye duka akaja kuniuliza kama kuna heri. Akala akaongeza. Akaanza kupiga mluzi, wimbo mmoja mbaya anaourudia kuanzia asubuhi. Watu wasiomjua, wanaorusha ndege ile majumbani kwao huko duniani, wakamwandikia kumshukuru Bwana Fundi kwamba sasa ndege ina uhai. Akazichapisha barua zile stesheneri, akazibandika ukutani juu ya kitanda.

Na mimi je? Mimi nilinyamaza, na mimi kunyamaza ni ugonjwa. Niliharibu suruali mbili wiki moja, moja nikaikata mguu ule ule mara mbili. Hapo kwanza tulikuwa wapweke wawili, kila mtu na chumba chake, na hilo lina faraja yake. Sasa mwenzangu alikuwa ametoka, akaniacha ndani. Maana ikiwa kumi na mbili ni kweli, Twiga alikufa kwa upumbavu wake na ataendelea kuwa mpumbavu milele. Na kumi na mbili niliiandika kwa vidole vyangu, najua ilikotoka. Kila kaka alipopiga mluzi, mimi nilisikia namba.

Kwa nini sikusema? Niliogopa. Yule ndiye mtu pekee ambaye nikianguka bafuni atasikia kishindo. Nikimrudisha kwenye huzuni yake asitoke tena, nitabaki na nani? Nilipima hivyo, kwa ubinafsi wangu, na nikaendelea kushona.

Jumapili moja, saa tisa alasiri, binti alipiga, dakika nne. Alipokata, kaka akaniita uani. Alitaka nione kwa macho yangu. Alikuwa amenifutia stuli, yeye akakaa ukingoni mwa kitanda. Akawasha, akaruka, akazunguka, na mkono wake ule unaotetemeka akishika kikombe ulikuwa umetulia kabisa. Akatua vizuri, akaegesha kwenye nyasi, akazima. Akachukua saa yangu ya jikoni, akaiweka mbele ya kioo.

Basi tukangoja. Watu wazima wawili, tunaangalia ndege iliyosimama. Dakika ya tatu kaka akanionyesha kwamba kivuli cha bawa kinasogea kama kweli, wale vijana wamejitahidi. Nikasema naona. Dakika ya tano nje kulikuwa na watoto wanacheza, wakapita. Ya saba, ya nane. Nyasi za kwenye picha zilikuwa zinatikisika. Ya tisa nikashindwa.

"Kaka, mara ya kwanza ulisema ishirini na tano."

Hakushtuka. Aliendelea kuitazama ndege.

"Nilisema."

"Ipi ya kweli?"

"Ishirini na tano. Kwa jua lile, hata thelathini."

Nilidhani nitaona hasira, au kulia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo chini na bado hajanyoosha mgongo. Nikamuuliza swali ambalo nilikuwa namuuliza marehemu miaka yote, kwa nini Twiga hakungoja. Kaka akasema hakuna aliyewahi kumuuliza yeye. Wale watatu wa uchunguzi walimuuliza jambo moja tu, kama alitoa ishara. Akawajibu hakutoa. Na ilikuwa kweli, mkono wake ulikuwa haujagusa bomba. Wakafunga daftari, wakamshukuru, akatoka.

"Lakini aliuliza," kaka akasema.

Akanieleza. Watu wa mgeni rasmi walikuwa wanahimiza, kwa hiyo Twiga aliingia ndani mapema, akavaa kofia na kila kitu, akakaa tayari. Matarumbeta yalikuwa yanapigwa, vipaza sauti vinapiga kelele. Kaka alikuwa anatoka karakana na debe la maji, bado hajafika kwenye ndege. Twiga akatoa kichwa nje, akamwona, akapaza sauti: "Vipi, Fundi?"

"Nikadhani ananisalimia," kaka akasema. "Nikamjibu kama tunavyojibizana siku zote. Nikamwambia, poa."

Neno moja. Wewe na mimi tunalisema mara ishirini kwa siku, njiani, dukani, kwenye simu, hata tukiwa na homa. Na ndilo hilo hilo la maji yaliyoachwa na moto. Twiga alisikia alichokuwa anakingojea. Akafunga kioo. Kaka alikwenda upande wa pili kuweka debe, akasikia injini inawaka, akadhani mwenzake anaijaribu tu. Alipoona fundi mwenziwe wa zamu anavuta kabari za magurudumu, akakimbilia mbele akipunga mikono yote miwili. Lakini mbele ya ndege ile rubani haoni kitu.

Saa ya jikoni ilifika kumi na tano, ikapita. Hakuna aliyewasha.

"Kwa hiyo aliuliza," nikasema.

"Aliuliza."

"Na akangoja ajibiwe."

"Alingoja. Alinipungia na mkono."

Nilisimama. Nilitaka kumpiga na ile saa, naapa. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa, mengine sikujua kama ninayo. Nilimwambia ameniacha namtukana mtu aliyekufa akiwa amefuata utaratibu, namtukana mezani, yeye amekaa hapo hapo anatafuna. Nilimwambia kumbe miaka yote hiyo mwenye haraka hakuwa Twiga, ni ulimi wake yeye. Hakujitetea. Alisema alijaribu kuniambia siku ya mazishi, nikawa nalia sana. Kisha alijaribu arobaini ilipopita, nikawa nimeshaanza kumlaumu Twiga, na lawama ile ilikuwa inanisimamisha, akaogopa akiitoa nitaanguka. Baadaye ikawa miaka mitano. Baadaye ikawa haisemeki.

Nilipochoka, akaniomba nikae niandike. Nikakaa, nikaandika alivyosema: Nilikosea. Dakika ni ishirini na tano, si kumi na mbili. Nilijua nilipowaambia. Nikamuuliza kama sentensi ya mwisho niiache, wale hawaihitaji. Akasema iache.

Walijibu baada ya siku mbili, wakashukuru, hawakuuliza. Ndege ikabadilishwa. Sasa mtu yeyote, popote alipo, akiitua kwenye joto inambidi akae dakika ishirini na tano kabla ya kuiwasha. Wengine wamelalamika. Wamemwandikia Bwana Fundi kwamba huu ni ukweli uliozidi, nani ana muda wa kukaa kuangalia ndege iliyosimama? Wengine wanakaa. Kuna mmoja aliandika kwamba anaitumia nafasi hiyo kumpigia mama yake simu.

Kaka aliirusha mara moja baada ya hapo. Kumi na tano, kama siku ile. Nilikuwa nimesimama mlangoni, hakujua. Mvuke ulitoka chini ya bawa, injini ikakaza, ikaanguka nyuma ya uzio. Akazima kompyuta, akaifunika kwa kanga, na hajaifunua. Barua za ukutani amezibandua. Mluzi umekwisha.

Nilikwenda kaburini. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi, nilipofika nikakuta sina. Nikang'oa majani, nikasema uliuliza, nimeambiwa uliuliza, nikarudi nyumbani.

Hasira niliyokuwa nayo nilitaka kuihamishia kwa kaka, maana ndiye inayemstahili. Nilijaribu wiki mbili. Chakula namwekea bila kumkaribisha, salamu siitikii. Asubuhi moja nikamkuta jikoni anaosha sahani yake mwenyewe, polepole, kwa ule mkono, asinipe sababu ya kusema. Nikamnyang'anya sahani. Nikaiosha mimi. Sijamsamehe, na asije akajidanganya kwa sababu ya sahani.

Miaka ishirini na nane nilikuwa na mtu wa kumgombeza, kumbe hakuwa na kosa. Sasa mwenye kosa namjua, yuko chumba cha uani, namsikia anakohoa, na siwezi kumgombeza kwa sababu hakuna mwingine.